Sakafu ya Nyumba ya Maziwa

Watu wa kisiwa cha Mbwera wanajisifu, hilo hata wenyewe hawabishi. Lakini Maneno aliwapita wote. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko mlango wa Simba Uranga, pale mto unapojimwaga baharini. Mashua ingeingia mle na tanga lake juu na isiguse jino. Kazi yake ilikuwa kukata boriti kwenye mikoko na kutengeneza vyombo vya baharini vilivyopasuka, na kazi hizo alizijua kweli, tusimwonee. Ubaya wake ni kwamba akijua kitu kimoja alitangaza vitatu.

Ndiyo maana alipopeleka boriti Kibiti, miaka ile Mwingereza kaishika nchi na Mjerumani katoka juzi, hakurudi na wenzake. Boriti zilitakiwa na mzungu mmoja mrefu, shingo nyekundu kama jogoo, aliyetaka kufuga ng'ombe wa maziwa juu ya kilima kando ya njia ya Kilwa. Jina lake halisi lilikataa kukaa mdomoni mwa watu, wakamwita Bwana Siagi. Kibiti nzima ilicheka. Pale na mbung'o wote wale? Watu wa pale ng'ombe walimwona siku ya Idi tu, tena keshakuwa nyama.

Bwana Siagi akauliza nani ajuaye kujenga. Maneno alikuwa bado anafuta jasho la kushusha boriti.

"Mie," akasema. "Nimejenga majumba."

Alikuwa kajenga madungu mawili ya kulindia mpunga, yale ya kupanda kwa ngazi, na moja lilianguka. Msimamizi wa shamba, Nasor, mtoto wa wenye duka wa Utete, alimtazama kwa pembe ya jicho. Alijua. Lakini fundi mwingine hakuwepo, na Nasor alikuwa mtu wa kupenda kuona mwisho wa jambo.

Maneno alirudi Mbwera kuchukua nguo na shoka. Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Angeaga kimya kimya kama watu, lakini wapi! Alisimama bandarini, watu wamejaa, akapaza sauti.

"Naenda kujenga jumba ambalo Rufiji hii halijaonekana! Mkiniona tena hapa, jueni limeisha. Kama halijaisha, hamnioni!"

Mkewe Mwanaheri alikuwa kasimama nyuma yao, ungo wa mpunga kichwani. Mwanamke mwembamba, macho makali, ulimi wake ukipita hukuacha umenyolewa.

"Na mie, fundi mkuu?" akauliza. "Nikae hapa nikutangaze?"

"Twende wote, mke wangu."

"Nikakae na inzi wanaochoma kama sindano? Shamba langu la mpunga alilinde nani, nguruwe mwenyewe?" Akashusha ungo. "Nenda. Lakini umesema mbele za watu, na mie ni shahidi. Likiisha, urudi."

Maneno akacheka, akapanda mashua. Alidhani jumba ni kama boriti, unakata, unabeba, basi.

Jumba haliishi, jamani. Bwana Siagi alipanga majengo yake kuzunguka kiwanja cha mraba kama watu waliokaa kula sinia moja. Jumba la kuishi liliwekwa upande wa kusi, ili upepo ulipige kwanza na harufu ya mavi ya ng'ombe iende kwa wengine. Lilikaa juu ya msingi wa mawe, baraza imelizunguka pande zote. Vyumba vilitoka vyembamba kama msikiti wa Mbwera, maana boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuibembeleza ikarefuka. Mzungu alitaka sebule pana, akasimamishiwa nguzo katikati, na kila akipita na chai yake anazikwepa. Upande wa mashariki lilikuja banda la kukamulia, refu, hori za kulishia zimepangwa ukutani, mfereji nyuma ya miguu ya ng'ombe. Kaskazini ghala la majani. Magharibi pakaachwa nafasi ya banda la ndama.

Lakini roho ya shamba ilikuwa nyumba ya maziwa. Ilijengwa kwenye pembe ya kiwanja, penye kivuli, nusu yake imezama ardhini, unateremka ngazi kuingia. Kuta zake pana kiasi cha mtu kulala juu yake asianguke. Madirisha madogo, juu kabisa, yana wavu wa waya. Ndani kulikuwa na rafu za mawe za kuwekea makarai ya maziwa, na birika la kujengwa la kusimamishia madebe ndani ya maji. Jua la Kibiti likiwa linakaanga vichwa vya watu nje, mle ndani unaweza kuomba shuka. Kama yupo aliyewahi kuona nyumba ya baridi kuliko ile upande huu wa mto, aje aseme.

Maneno aliipenda kupita kiasi. Jioni kazi ikiisha aliteremka mle, akanyoosha mkono na kushika boriti za dari. Zilikuwa bado na harufu ya tope la mikokoni, chumvi na maji yaliyokupwa. Alizinusa, halafu akatoka nje akainusa Kibiti, majani makavu na vumbi. Kisha akarudi kunusa tena. Nasor alimkuta siku moja pua imegusa dari.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Naangalia mchwa."

"Mchwa ana jina?"

Maneno akapanda ngazi kutoka. Mchwa alikuwa na jina, na yuko Mbwera analinda mpunga.

Sasa nyumba ya maziwa ilitaka sakafu. Saruji ilikuwa inatoka Ulaya kwa pipa, na Bwana Siagi alikuwa mkono wa birika. Maneno akaona mlango umefunguka.

"Kwetu tuna chokaa," akasema. "Tunachoma makombe ya chaza na mawe ya pwani. Wanawake wa kwetu wakiipiga, sakafu inang'aa unajiona sura."

Hilo lilikuwa kweli, nadra kwake. Sakafu ya chokaa haimwagwi ikaachwa. Inapigwa. Wanawake wanapiga magoti mstari mmoja, kila mmoja na kibao chake, wanaimba na kupiga kwa pamoja, siku baada ya siku, mpaka chokaa na kokoto vishikane viwe jiwe. Wa Kibiti hawakuijua kazi ile. Ikabidi lori liende bandari ya Nyamisati kuwapokea wanawake wa Mbwera.

Walishuka wamejaa vumbi, kanga zimewageuka rangi. Waride alikuwa mbele, shoga yake Mwanaheri, mwimbishaji wa kisiwa kizima. Na nyuma yake Mwanaheri mwenyewe, kibao chake cha mkandaa, mti wa mikokoni, kwapani. Kibao kile kilimeguka pembe moja, siku alipomtandika nguruwe shambani.

Maneno alisahau kusema kitu, na hilo halijawahi kutokea.

"Kumbe unajua kunyamaza," Mwanaheri akamwambia. "Kibiti imekufaa."

Walipiga sakafu ile kwa nyimbo. Mle ndani mlivuma kama ngoma. Mwanaheri alikaa kwenye kona ya karibu na ngazi, na kila Maneno alipoteremka alimrushia neno. Jioni walikaa mke na mume mbele ya ghala la majani, wakila samaki mkavu ambaye Mwanaheri alimletea. Akamweleza habari za maji, za mpunga, za nani kaoa. Sakafu ilipokauka, lori liliwarudisha Nyamisati, na Maneno akabaki anatazama vumbi la gurudumu mpaka likatua.

Bwana Siagi alikuja kuijaribu. Akamwaga ndoo ya maji, kama watakavyoosha mle kila siku maziwa yakimwagika. Maji yakaondoka pande zote nne, yakakutana katikati, yakakaa. Kidimbwi kizuri, cha mviringo, unaweza kufuga kambale.

"Hii nini?" akapiga kelele. "Mimi nataka maji kwenda nje! Mlango! Nje!"

Maneno alitazama kidimbwi, hakuona tatizo. Ndivyo alivyojua maisha yake yote. Chombo cha baharini kinatengenezwa hivyo, maji yanayoingia yakusanyike chini katikati, mtu achukue upo, ile kata ya mashuani, ayafue ayatupe nje. Alikuwa kaichonga sakafu kama tumbo la mashua bila hata kufikiri.

"Tutayafua, Bwana," akasema kwa upole. "Nipe mtu mmoja na upo."

Nasor aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Bwana Siagi alipoacha kutukana kwa Kiingereza, alitoa amri. Sakafu ing'olewe, wale wanawake waitwe tena.

Waitwe tena. Maneno alisikia maneno yale yakamshuka mwilini kama chai ya tangawizi. Alikuwa ametukanwa mbele za watu, na akainama kuficha meno.

Walikuja. Habari ilishafika Mbwera kabla yao, na Waride alikuwa kashatunga wimbo njiani.

*Fundi kajenga mtumbwi,*
*ng'ombe wapige kafi!*

Wanawake walipiga sakafu huku wanacheka mpaka vibao vinakosa mwendo. Mwanaheri alicheka kuliko wote, mpaka akashika ubavu. Safari hii sakafu ilielekea mlangoni, kwenye tundu la ukutani lililotokea upande wa mteremko wa kilima, maji yakimwagwa yanakimbia kama yanadaiwa. Siku ya kuondoka Mwanaheri alimfunga mumewe kifungo cha shati.

"Kumebaki nini?"

"Sakafu ya banda la kukamulia. Halafu banda la ndama. Basi."

"Mie si mtu wa kulia," akasema Mwanaheri. "Lakini jioni nikipika nakuta nimepima chakula cha wawili, namwagia kuku nusu. Kuku wamenenepa mpaka aibu. Maliza, urudi."

Angeweza kupanda lori siku ile. Wengi walimuuliza baadaye kwa nini hakupanda. Lakini ule mdomo wa bandarini ulikuwa bado umemkaa shingoni. Aliziona sura za wanaume wa Mbwera, akawasikia: jumba limeisha? Akabaki.

Wanawake wakaja tena kwa zamu ya banda la kukamulia, kama ilivyopangwa. Na hapo Maneno alifanya ujinga ambao ni mwanaume mwenye hamu tu anayeweza kuufanya. Alijua wakipiga vizuri wataondoka, na la ndama halitaki sakafu ya chokaa, litawekwa udongo. Maana yake hii ndiyo safari yao ya mwisho. Basi alibandika kibanzi chini ya pima maji ya mzungu. Kipovu kilikaa katikati kwa heshima zote, na sakafu ikalalia upande wa hori badala ya mferejini. Mkojo wote wa ng'ombe ungekwenda palepale wanapokulia.

Wanawake walipiga, wakaimba, wakamaliza. Bwana Siagi alikuwa Utete, hakujaribu. Wakati wenzake wanafunga mizigo, Mwanaheri alisimama bandani anakunywa maji kwa kata. Yaliyobaki akayamwaga chini, kama mtu yeyote anavyomwaga. Akayaangalia. Yalitambaa polepole, yakauacha mfereji nyuma, yakaenda kujilaza chini ya hori.

Akainua uso. Maneno alikuwa mlangoni.

"Ile ya kwanza ulikosea," Mwanaheri akasema, sauti ya chini wenzake wasisikie. "Hii hukukosea."

"Mke wangu..."

"Tazama." Akamwonyesha viganja. Vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka. "Mpunga wangu sasa hivi nguruwe wanasherehekea. Nimekuja kwa furaha, Maneno, mara zote. Kumbe kwako mie ni wa kuvutwa kwa kamba kama jahazi lililokwama?"

"Nilikutaka uje."

"Basi uje wewe! Mie ningetaka mume wa kumtembelea ningeolewa na nahodha." Akaokota kibao chake. "Sitamwambia mtu. Lakini kuirudia hii siji. Uipige kwa magoti yako."

Hakuaga. Ndani ya lori alikaa akiwa amempa mgongo.

Bwana Siagi alirudi, akamwaga ndoo, mengine mnayajua. Lori likaenda Nyamisati. Siku ya lori kurudi Maneno alisimama njiani tangu asubuhi. Alivaa shati lililofuliwa. Akaona vumbi, akaona lori, akaona kanga. Alishuka Waride, akashuka mwingine, na mwingine, na Maneno alikuwa anachungulia nyuma ya kila mmoja, mpaka dereva akafunga mlango wa nyuma.

Waride alimletea kibao cha mkandaa, kilichomeguka pembe.

"Shemeji, mwenyewe hakuja. Kasema upige kwa hiki badala yake."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema kuku kawauza. Sasa anapima chakula cha mmoja."

Nasor, aliyekuwa karibu, hakuelewa neno la kuku hata kidogo. Maneno alilielewa. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, kibao mapajani. Nawaambia, kama angepigwa nacho kingeuma kidogo kuliko hivyo.

Kesho yake alipiga magoti kwenye mstari, mwanaume peke yake kati ya wanawake. Kibiti ilikuja kutazama. Walicheka mpaka mzungu mwenyewe alitoka barazani na kikombe chake. Waride alianza ule wimbo wa mtumbwi, akamwona Maneno anavyopiga, jasho linadondoka kwenye chokaa, hainui kichwa, akaukata katikati. Akaanza mwingine, wa taratibu, ule wa kumsindikiza msafiri. Sakafu ilinyooka. Hakukuwa na kibanzi chini ya kitu chochote.

Ilipokauka, Maneno alimfuata Bwana Siagi barazani, kibao begani.

"Naondoka, Bwana."

"Ndama? Nyumba ya ndama bado!"

"Ndama walale na mama zao, Bwana. Na mie nakwenda kulala kwangu."

Alipanda lori na wanawake, amekaa juu ya mizigo. Nyamisati wakaingia mashuani, na kadiri harufu ya tope ilivyozidi kumjaa puani ndivyo alivyozidi kuogopa. Bandari ya Mbwera ilikuwa imejaa. Ilijaa tu, kila mara, watu wale hawana kazi. Mzee wa mashua alikuwa wa kwanza.

"Aa! Maneno! Basi jumba limeisha!"

Wote walimgeukia kusubiri. Angeweza kusema ndiyo. Kibiti ni mbali, nani angekwenda kuhesabu mabanda? Hata kwa Mwanaheri neno ndiyo lingetosha, maana waliagana arudi likiisha. Lakini Mwanaheri alikuwa kasimama kwenye kivuli cha banda la chumvi, na Waride alikuwa keshaona jinsi jumba lilivyo, na Maneno mwenyewe alikuwa kachoka kusimama nyuma ya mdomo wake.

"Halijaisha," akasema.

"Unasemaje?"

"Halijaisha! Banda la ndama halina hata msingi. Nimeliacha. Nimeshindwa kukaa, namtaka mke wangu. Chekeni."

Wakacheka, kweli wakacheka, kucheka kulikodumu misimu miwili. Mwanaheri alitoka kivulini, akamnyang'anya kibao, akakigeuza, akatazama kilivyochakaa kwa kupigwa.

"Umekipiga vibaya," akasema. "Unapiga kama unaua nyoka." Kisha akatangulia njia ya nyumbani, na Maneno akafuata. Jioni ile alilala bila kula cha maana, maana kilikuwa kimepimwa cha mmoja, na wakagawana.

Shamba la Bwana Siagi halikuchukua muda. Mbung'o walimaliza ng'ombe mmoja mmoja, wakikonda wamesimama, na mzungu akafunga milango akaenda zake. Mabati yaling'olewa, madirisha yakaenda kuwa madirisha ya watu wengine. Maneno alichonga mitumbwi, akalinda mpunga na mkewe, wakazeeka. Ajabu ni kwamba akiwa Mbwera, jua likichoma, alikuwa anaacha kazi ghafla na kusema, "Saa hizi kule ndani kuna baridi." Mwanaheri alikuwa hana haja ya kuuliza kule wapi. Alimwambia, "Nenda basi kaishi na maziwa." Hakwenda hata mara moja, mpaka Mwanaheri alipofariki.

Hiyo ilikuwa miaka ile vijana wa Kibiti wameanza kuvaa kofia za kudai uhuru. Maneno alikwenda na Waride, mzee naye, meno yamebaki ya kuimbia tu. Jumba lilikuwa limebaki nguzo, zile zilizokuwa zinamkwaza mzungu, zimesimama hazina cha kubeba. Bandani mbuzi wa watu wamelala. Waride aliinama ukutani, pale ambapo ulainishaji wa mwisho haufiki, akapitisha kidole kwenye alama za kibao chenye pembe iliyomeguka.

"Hapa kapiga mwanaume," akasema. "Ona alivyoharibu."

Wakateremka nyumba ya maziwa. Dari lilikuwa wazi, lakini zile kuta zilikuwa bado zinatunza baridi yao. Kwenye kona ya karibu na ngazi Maneno alipiga magoti kwa shida, akatafuta. Alama zilikuwepo. Ndogo, za mkono usio na haraka, kila moja imekosa pembe. Akaweka kiganja juu yake, akakaa.

Halafu akachukua kibuyu chake cha maji, akakimwaga chote katikati ya chumba.

"Shemeji, tutakunywa nini njiani?" Waride akauliza.

Maneno aliyatazama maji. Hayakusita hata kidogo. Yalishika njia ya mlangoni, yakapita juu ya zile alama, yakaingia kwenye tundu lake ukutani na kutoka nje, na katikati pale, palipokuwa na kidimbwi kile kilichomleta Mwanaheri mara ya pili akicheka ameshika ubavu, palikauka upesi kama hapajawahi kulowa.

"Tuliinyoosha mno, Waride," akasema Maneno. "Tuliinyoosha mno."